Taka Mbichi na Ndoto ya Dizeli

Lori linapomwaga mzigo wake katika dampo la Pugu Kinyamwezi jijini Dar es Salaam, au Dandora jijini Nairobi, kinachomwagika kimejaa kaboni na haidrojeni, elementi zile zile zinazounda dizeli, petroli na mafuta ya ndege. Huo ni ukweli wa kikemia, na ndio unaoipa nguvu ahadi inayozidi kusikika katika vikao vya halmashauri na makongamano ya nishati: kwamba taka ngumu zinaweza kugeuzwa mafuta sanisi, madampo yakafungwa, na fedha za kigeni zinazotumika kuagiza mafuta kutoka nje zikabaki nyumbani. Kemia hiyo siipingi. Ninachopinga ni dhana inayofuata, kwamba kwa kuwa jambo limewezekana maabara, sasa kilichobaki ni mtaji na utashi wa viongozi. Ushahidi wa miaka ya karibuni, tena kutoka nchi zenye mitaji mikubwa kuliko yetu, unasema vingine. Miradi ya aina hii hukwamishwa na taka zenyewe, kwa sababu zimechanganyika na zimelowa. Mji usiotenganisha taka zake hauwezi kuzigeuza mafuta. Na mji unaozitenganisha utakuta kwamba, kwa sehemu kubwa ya taka hizo, ipo njia nyepesi zaidi.

Mchakato wenyewe una umri wa karne moja. Mwaka 1925, katika mji wa Mülheim nchini Ujerumani, wanakemia Franz Fischer na Hans Tropsch walifanikiwa kutengeneza mafuta kwa gesi iliyotokana na makaa ya mawe. Kanuni yao ndiyo inayotumika hadi leo katika viwanda vingi vinavyoahidi mafuta ya ndege kutokana na taka. Kwanza taka husagwa na kukaushwa, kisha huingizwa kwenye tanuri lenye joto linalozidi nyuzi 800 za Selsiasi, ambamo oksijeni hupimwa ili zisiungue zote. Badala ya kuwa moshi na majivu tu, zinavunjika na kutoa mchanganyiko wa kabonimonoksaidi na haidrojeni. Gesi hiyo husafishwa lami, vumbi, salfa na klorini, halafu hupitishwa kwa shinikizo juu ya kichocheo cha chuma au kobalti, kwenye joto la nyuzi 200 hadi 350 hivi. Hapo atomi za kaboni zinashikana moja baada ya nyingine na kufanya minyororo mirefu, na kinachopatikana ni kitu chenye nta nta ambacho kikipelekwa kiwanda cha kusafisha mafuta hutoka dizeli au mafuta ya ndege. Sehemu iliyo dhaifu kuliko zote ni kichocheo. Salfa kidogo tu, kiasi cha kuhesabiwa kwa sehemu chache katika milioni, inatosha kukiua, na kukibadilisha ni gharama kubwa. Kwa hiyo mafundi wa kiwanda kama hicho hutumia muda mwingi wakipigania kitu kimoja: gesi inayoingia leo ifanane na iliyoingia jana.

Hapo ndipo penye siri ya mafanikio ya Afrika Kusini, mfano unaotajwa kila mara na watetezi wa mafuta sanisi. Kampuni ya Sasol iliundwa mwaka 1950, na mwaka 1955 mji wa Sasolburg ulianza kutoa mafuta yaliyotokana na makaa ya mawe. Baadaye ulijengwa mtambo mkubwa zaidi wa Secunda, na hadi sasa magari ya Afrika Kusini yanatembelea mafuta hayo. Lakini Sasol inalisha matanuri yake makaa kutoka machimbo yanayojulikana, ambayo unyevu wake, majivu yake na salfa yake vimepimwa na havibadiliki ghafla. Tanuri limerekebishwa liendane na makaa hayo. Tena mradi ulizaliwa na serikali iliyokuwa tayari kulipa gharama yoyote ili isitegemee mafuta ya nje, na Secunda imekuja kuwa miongoni mwa mitambo inayotoa hewa ya ukaa nyingi zaidi duniani ikihesabiwa mahali pamoja. Anayesema “mbona Sasol wameweza” anathibitisha kwamba makaa ya mawe yanaweza. Habari ya taka ni nyingine.

Habari hiyo tunaipata vizuri zaidi katika jimbo la Nevada, Marekani. Kampuni ya Fulcrum BioEnergy, iliyoanzishwa mwaka 2007, ilijenga karibu na mji wa Reno kiwanda kilichotarajiwa kuwa cha kwanza duniani kugeuza taka za majumbani kuwa mafuta ghafi sanisi kibiashara. Shirika la ndege la United liliwekeza, Cathay Pacific likawekeza, kampuni ya mafuta ya BP nayo ikaingia, na serikali ya Marekani ikatoa msaada. Mpango ulikuwa kuchukua tani zaidi ya 150,000 kwa mwaka za taka zilizokwisha kuchambuliwa, na kupata galoni milioni 11 za mafuta, ambazo ni kama lita milioni 41. Mwezi Desemba 2022 kampuni ilitangaza kwamba mafuta ya kwanza yametoka, na watu wengi walidhani mlango umefunguka. Haukufunguka. Ziliripotiwa habari za asidi ya naitriki ambayo haikutarajiwa, iliyokuwa ikila mabomba na vifaa, na za masalio yaliyoganda ndani ya tanuri mithili ya zege. Mafuta yaliyotoka yalikuwa kidogo mno kulinganisha na yaliyoahidiwa. Kampuni ikashindwa kutimiza masharti ya hati fungani zake, Mei 2024 shughuli zikasimama, na Septemba mwaka huo ikaomba mahakama kinga ya mufilisi.

Tuitazame asidi ile na zege lile kwa makini. Kinachoganda ndani ya tanuri ni vioo, mchanga, udongo na vipande vya madini vilivyomo ndani ya taka, ambavyo huyeyuka kwa joto kali na kushikana vikipoa. Naitrojeni imo katika mabaki ya chakula, ngozi na nguo za sufu. Klorini imo katika chumvi ya mezani na katika plastiki za PVC. Hakuna kitu kigeni hapo. Ni vitu vya kawaida vya pipa la kawaida, na kila lori linakuja na uwiano wake. Na taka za Nevada, yafaa tukumbuke, ni za jangwani: kavu, zenye karatasi na makasha mengi, na zilikuwa zimechambuliwa kwa mashine kabla ya kufika kiwandani. Ikiwa hizo zimekwamisha mradi wa kampuni yenye wahandisi na wawekezaji wa kiwango hicho, yapo ya kujiuliza kuhusu zetu.

Wala Nevada haiko peke yake. Mji wa Edmonton nchini Kanada ulisaini na kampuni ya Enerkem mkataba wa miaka 25 wa kupeleka tani 100,000 za taka zilizochambuliwa kila mwaka, kwa matarajio ya kupata lita milioni 38 za methanoli na ethanoli. Kiwanda kilizinduliwa mwaka 2014 na kikafungwa mwaka 2024, mkataba ukiwa hata haujafika nusu. Huko Teesside, Uingereza, kampuni ya Air Products ilijenga mitambo miwili ya kugeuza taka kuwa gesi kwa teknolojia ya plazima ili kuzalisha umeme. Mwaka 2016 ikaamua kuachana nayo na kufuta katika vitabu vyake thamani ya takriban dola bilioni 1.

Sasa tuje kwenye taka zetu. Benki ya Dunia, katika ripoti yake ya mwaka 2018, ilikadiria kwamba katika nchi za kipato cha chini zaidi ya nusu ya taka ni mabaki ya chakula na majani. Katika miji ya Afrika Mashariki jambo hili halihitaji mtaalamu: ni maganda ya ndizi na viazi, magunzi ya mahindi ya kuchoma, vifuu vya nazi, maganda ya matikiti, magamba ya samaki, na juu yake mvua ya masika. Mwongozo wa Benki hiyo hiyo kuhusu uchomaji wa taka, uliotolewa mwaka 1999, unashauri mji usijenge hata tanuri la kuchoma tu ikiwa nishati ya taka zake ni chini ya megajuli 7 kwa kilo kwa wastani wa mwaka, na kwamba isishuke chini ya 6 katika msimu wowote. Taka zenye maji mengi hushindwa kufika hapo. Na tanuri la gesi ya kutengenezea mafuta linachagua chakula chake kuliko tanuri la kuchoma.

Hesabu yake si ngumu. Chukua tani moja ya taka ambayo kilo 600 ni maji. Kuyachemsha maji hayo hadi yawe mvuke kunadai megajuli zipatazo 1,550, sawa na nishati iliyomo katika lita 40 na ushei za dizeli. Zinabaki kilo 400 kavu. Kwa kipimo cha kiwanda cha Nevada kwenye makaratasi, yaani lita 260 hivi kwa kila tani iliyoandaliwa, kilo hizo zingetoa lita 100 tu, tena ikiwa kila kitu kimekwenda kama kilivyopangwa na maganda yetu yana nguvu sawa na makaratasi yao. Zaidi ya theluthi ya tunachotafuta inaishia kukausha, kabla hatujahesabu umeme wa kusaga, wa kutenga oksijeni na wa kusukuma gesi. Mama yeyote aliyewahi kuwasha jiko kwa kuni mbichi anaijua fizikia hii.

Anayeamini mafuta sanisi atanijibu kwa mfano wa Kawasaki, Japani, na ni jibu la kuheshimiwa. Kule, tangu mwaka 2003, kampuni ya Showa Denko, ambayo sasa inaitwa Resonac, imekuwa ikigeuza plastiki chakavu kuwa gesi, na kutokana na gesi hiyo kupata haidrojeni na amonia. Mtambo una uwezo wa kupokea tani 195 kwa siku, na umefanya kazi miaka yote hiyo. Kwa hiyo siwezi kusema haiwezekani. Lakini angalia kinachoingia pale: ni plastiki peke yake, hasa ya vifungashio, ambayo familia za Kijapani zimeisuuza na kuiweka kando nyumbani, kwa sababu sheria inataka vifungashio virejelezwe na imeweka utaratibu wa nani alipie kazi hiyo. Mtambo wa Kawasaki umesimama juu ya mamilioni ya majiko yanayotenganisha. Ukitoa hilo, ukaupelekea lori la Buguruni, Dar es Salaam, kama lilivyo, sioni sababu ya kuamini kwamba ungemaliza mwaka.

Kuna wengine wanaosema, basi tuchukue plastiki tu, tuipashe joto ndani ya pipa lililofungwa bila hewa, tupate dizeli; na mafundi wa sehemu mbalimbali za Afrika wamefanya hivyo. Ni kweli kwamba mifuko na madumu ya polithini yakipashwa joto la nyuzi 400 hadi 500 hutoa mafuta yanayowaka, kwa sababu polithini yenyewe ina nishati karibu sawa na dizeli. Lakini chupa za maji na soda ni plastiki ya aina nyingine, ambayo hutoa mafuta kidogo na unga unaoziba mabomba. Na kipande cha bomba la PVC kikiingia humo hutoa asidi ya haidrokloriki, na moshi wake ukipoa vibaya huweza kuwa na dayoksini, sumu ambayo ikishatua kwenye udongo huingia hadi kwenye mayai ya kuku wanaodonoa hapo. Tena dizeli hiyo ni mafuta ya visukuku yaliyopitia umbo la ndoo au mfuko. Ikiungua, hewa ya ukaa inayotoka ni ile ile ya kisima cha petroli. Chupa ikiuzwa kwa mrejelezaji, huwa chupa tena au nyuzi za nguo, na tayari inamlisha mwokotaji aliyeibeba kwenye kiroba.

Kwa taka mbichi, mafuta yanayofaa ni gesi, na mfanyakazi anayefaa ni bakteria. Ndani ya tangi lisilo na hewa, bakteria hula mabaki ya chakula na kutoa bayogesi, ambayo zaidi ya nusu yake ni metani. Wao maji hayawasumbui, wanayahitaji. Tani moja ya mabaki ya chakula hutoa kwa kawaida mita za ujazo 100 hivi za bayogesi, ambamo metani ni kama 60, na mita moja ya ujazo ya metani ina nishati inayokaribia lita moja ya dizeli. Yaani lita 60 za kulinganisha, bila kukausha kitu, bila kobalti, bila nyuzi 800, na kinachobaki kwenye tangi ni mbolea. Hiyo ni karibu sawa na kile ambacho tanuri la mabilioni lingebakiza baada ya kujilipia ukaushaji. Na bayogesi ikisafishwa inakuwa metani ile ile ya gesi asilia ya Songosongo inayojazwa kwenye bajaji, teksi na malori ya gesi jijini Dar es Salaam. Mji wa Linköping nchini Uswidi umeendesha mabasi yake kwa bayogesi tangu miaka ya 1990. Dar es Salaam imekwisha kuanza kazi ambayo miji mingi hushindwa kuianza: ina magari ya gesi, ina vituo, ina mafundi wa kufunga mitungi. Imekosa tu gesi inayotoka sokoni.

Nikisema sokoni nina maana yangu. Pingamizi zito kuliko yote ni kwamba watu wetu hawatatenganisha taka, kwamba kampeni zimepita, mapipa ya rangi mbili yamewekwa na kuibwa, na lori linalokuja linachanganya kila kitu hata kama mama mwenye nyumba ametenga. Nakubali sehemu kubwa ya hayo. Lakini nenda nyuma ya soko la Mabibo saa nne asubuhi uone kilichorundikwa: majani ya migomba yaliyofungiwa ndizi, makabichi yaliyooza, nyanya zilizopasuka njiani. Lile lundo limekwisha kutenganishwa na biashara yenyewe. Hali ni hiyo hiyo Kongowea mjini Mombasa na Marikiti jijini Nairobi, na kwa mabweni, machinjio na hoteli kubwa. Halmashauri haihitaji kubadilisha tabia ya kila kaya ili ianze. Inahitaji kulipeleka lori la soko kwenye tangi badala ya dampo. Upande wa pili, chupa, vyuma chakavu na makatoni vinatenganishwa kila siku na waokotaji ambao kwa kawaida hawamo katika bajeti ya mji. Tanuri la mafuta linawashindania bidhaa hiyo hiyo, maana plastiki na karatasi ndizo zenye nishati, na likishafungiwa mkataba wa tani kadhaa kwa siku, mji unajikuta una sababu ya kifedha ya kuwafukuza.

Wapo wanaoniambia kwamba hatuna muda wa hayo yote, madampo yamefurika. Nao hawasemi uongo. Tarehe 10 Agosti 2024 lundo la dampo la Kiteezi, Kampala, lilimeguka baada ya mvua na kufukia nyumba, na watu zaidi ya 30 wakafa. Mwaka 2017 dampo la Koshe mjini Addis Ababa liliua watu zaidi ya 100. Wakazi wa Tabata walilazimika kwenda mahakamani mwaka 1988 ili jiji la Dar es Salaam liache kumwaga taka kwao, na baadaye taka hizo zikahamia kwa wengine. Lakini kinacholifanya lundo liwe zito, laini na lenye gesi ndani ni taka zinazooza pamoja na maji yake. Kiwanda cha mafuta huchukua miaka kujengwa, na kikishajengwa hutafuta kwanza sehemu iliyo kavu, ambayo ndiyo isiyomeguka. Anayetaka kuwaokoa watu wanaoishi chini ya lundo aanze kuondoa taka mbichi, na kazi hiyo inaweza kuanza kwa masoko mwaka huu huu.

Mwisho kuna hoja ya teknolojia changa: kwamba kila kitu hufeli mara ya kwanza, na anayesubiri ataachwa. Inawezekana kabisa kwamba mtu atafanikiwa baada ya Nevada, na ningefurahi, maana ndege hazina njia nyingi za kuacha mafuta ya visukuku. Ila gharama ya kujifunza inabebwa na nani? Kule, hasara iliwaangukia zaidi wanahisa na wakopeshaji waliojua wanachokifanya. Huku, mkataba wa kawaida wa mitambo ya taka huidai halmashauri ilete idadi fulani ya tani zenye kiwango fulani cha ukavu, na ilipe faini isipoleta. Kwa hiyo diwani anayeletewa pendekezo la mafuta sanisi aombe kwanza jina la mtambo wa teknolojia hiyo hiyo uliofanya kazi miaka mitatu mfululizo kwa taka za majumbani, na aende na mhandisi wake auone ukiwa unazalisha. Asome kipengele cha unyevu, aone nani analipa masika yakifika. Aulize ni kiasi gani cha mafuta kinauzwa nje ya kiwanda baada ya kiwanda kutumia chake. Na kabla ya kusaini lolote, apime kwa mwaka mzima, kiangazi na masika, kilichomo ndani ya malori ya mji wake: kilo ngapi za maji, ngapi za plastiki, ngapi za mchanga. Mizani ya malori na oveni ya kukaushia sampuli ni vifaa ambavyo chuo chochote cha uhandisi nchini kinaweza kumsaidia kuvitumia.